Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Amani: vibao vya miti kwanza, geti baadaye

Kwenu mnaosimamia msitu, bustani, majengo ya zamani na barabara ya Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga.

YAH: MAJINA YA MITI, CHUMBA CHA MAKUMBUSHO NA NJIA YA WAGENI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, tuingie kwenye jambo lenyewe. Kila linapozungumzwa suala la kuvutia watalii, mawazo huanzia getini: geti kubwa la kisasa, bango linalong'aa, kibanda cha kupigia picha. Hatuna ugomvi na geti. Tunachoomba ni kwamba kabla tofali la kwanza halijalazwa, miti iliyokwishapandwa ipewe majina. Mgeni anayepanda kilomita kama 32 kutoka Muheza hadi Amani anafuata kitu kimoja ambacho ni nadra kwingine: bustani ya majaribio yenye umri wa zaidi ya miaka 120, ambayo miti yake ingali hai. Akifika akaoneshwa "miti ya zamani ya Wajerumani" bila kuambiwa ni miti gani, ameona kichaka kirefu akarudi.

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa baiolojia na kilimo hapa mwaka 1902, kwenye mwinuko wa mita kama 900. Franz Stuhlmann aliiongoza, baadaye Albrecht Zimmermann. Tusiipambe: kazi yake ilikuwa kulitafutia koloni fedha. Waliagiza mbegu na miche kutoka Asia, Amerika na pembe nyingine za dunia, wakapanda, wakapima ipi inashika na ipi inafia njiani. Mkwinini, mkafuri, mpira wa aina tofauti, mdalasini, iliki, pilipili manga, miti ya mbao. Waingereza wakairithi, na kuanzia 1927 pakawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, hadi 1948 kilipohamishiwa Muguga, Kenya. Mwaka 1950 mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa nao ukaenda Nairobi, na majengo yakaingia watafiti wa malaria. Hifadhi ya mazingira asilia ikatangazwa mwaka 1997, hekta 8,380, na bustani ndani yake ni takriban hekta 300.

Yaani wataalamu wa kilimo waliondoka, sampuli zikaondoka, miti ikabaki kwa sababu haibebeki. Inapoanguka mmoja ambao hakuna aliyeandika ni upi, hakuna tena pa kuuliza.

Chukueni mkwinini. Bila kibao, ni mti tu, wala si mzuri sana wa sura. Weka kibao kinachosema kwamba magome ya mti wa jamii hii yalitengenezwa kwinini hapa hapa Amani wakati wa Vita vya Kwanza, manowari za Waingereza zilipokuwa zimeziba bandari na dawa haziingii. Kisha mgeuze mgeni atazame majengo yale ambayo miaka iliyofuata yakawa maabara za malaria. Somo zima la homa limekaa mahali pamoja na halihitaji projekta.

Sasa kuhusu kibao chenyewe, maana hapa ndipo fedha hupotea kwa kutojua. Tunapendekeza bati la alumini la unene wa milimita 1, lenye sentimita 10 kwa 6, kona zipigwe tupa zisikate mtu. Maandishi yagongwe kwa panchi za herufi za milimita 5 au 6, zile wanazotumia mafundi wa gereji kugongea namba kwenye chuma. Msichapishe stika wala msiandike kwa rangi. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na siku isiyo na mvua ina ukungu. Stika hubanduka kuanzia pembeni, rangi huvimba na kumenyeka. Herufi iliyogongwa, hata ikifunikwa na kuvu, unapitisha kidole na inasomeka. Ubao wa mbao ni chakula cha mchwa. Bati la chuma hushika kutu na kuuchafua mti. Shaba inadumu kuliko zote, ila itadumu dukani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye msumari. Uwe wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu, urefu wa sentimita 7 au 8, na uingie kwenye mti sentimita 3 tu. Sehemu iliyobaki inakaa nje, na kati ya kichwa cha msumari na kibao inawekwa springi ndogo. Shina linaponenepa linakisukuma kibao, springi inajibana, kibao kinatoka nje pamoja na gome. Fundi asiyeambiwa hili hupigilia msumari hadi mwisho kwa sababu ndivyo anavyopigilia mlango, na miaka michache baadaye gome limefunga mdomo, kibao kimeingia tumboni. Ndiyo sababu kwenye baadhi ya miti mnaona pembe ya bati imechungulia na herufi mbili tu zinazosomeka. Anayekagua vibao kila mwaka atembee na koleo, avute nje msumari ulioanza kumezwa kabla springi haijakwisha nafasi.

Waya wa kuzungushia shina upigwe marufuku kabisa. Unakaba gome, chakula kinachotengenezwa majanini hakishuki mizizini, shina linavimba juu ya waya na mti unakufa taratibu huku kila mtu akilaumu ukame. Miti yenye kipenyo chini ya sentimita 10 isipigiliwe, kibao chake kikae kwenye kijiti cha chuma ardhini, mahali ambapo maporomoko hayatakifukia. Michikichi na jamii yote ya minazi isipigiliwe hata ikiwa mikubwa namna gani, kwa kuwa shina lake halizibi kidonda kama mti wa kawaida. Tundu la msumari linabaki tundu, maji yanaingia na kuozesha.

Kiandikwe nini? Namba ya mti, jina la Kiswahili, jina la Kisambaa au Kibondei pale lilipo, jina la kisayansi, familia, asili yake, na mwaka wa kupandwa ikiwa kuna ushahidi wa maandishi. Usipokuwepo, nafasi iachwe wazi. Mwaka wa kukisia ukishagongwa kwenye bati unageuka ukweli. Na tafadhali, Kiswahili kisiachwe. Peter Greenway, mtaalamu wa mimea wa enzi za Waingereza hapa Amani, alijitwika kazi ya kukusanya majina ya Kiswahili ya mimea. Itakuwa ajabu ofisi za leo ziandike Kilatini na Kiingereza peke yake huku wanafunzi wa Muheza ndio wageni walio karibu kuliko wote.

Kibao kikiibwa, kinachookoa mambo ni daftari. Kila namba iwe na mstari wake: mahali kwa GPS, mzunguko wa shina ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini (kwenye mteremko pimeni upande wa juu, kila mara upande huo huo), hali ya mti, na picha tatu, yaani mti mzima, gome kwa karibu, na tawi lenye ua au tunda. Vipimo virudiwe kila baada ya miaka mitano. Pale ambapo jina lina utata, msimwachie mwenye sauti kubwa aamue. Katwe tawi lenye ua au tunda, maana jani peke yake hudanganya, libanwe kati ya magazeti, magazeti yabadilishwe kila siku mpaka likauke, kisha lipelekwe kwenye hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyoko Arusha likiwa na namba ya mti. Huku kwetu kwenye unyevu, tawi lisilobadilishiwa magazeti huota ukungu mweusi kabla ya wiki kwisha.

Mkituuliza kibao gani kigongwe cha kwanza, jibu letu litawashangaza: cha mpira wa Ceara. Mti wenyewe wengi wenu mmeupita bila kuugeukia, kwa sababu Tanga umejiotea pembezoni mwa mashamba na watu huufanya ua wa boma. Kitaalamu ni Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo, asili yake Brazili. Wakoloni waliupanda kwa ajili ya utomvu, na bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 ukatelekezwa. Miaka ya 1930 H. H. Storey, mtafiti wa magonjwa ya mimea, akifanya kazi Amani, alikuwa akipambana na magonjwa mawili ya muhogo yanayomtesa mkulima wa Muheza mpaka leo. La kwanza ni batobato, ambalo unaliona jani likiwa na mabaka ya njano na kujikunja. La pili ni michirizi ya kahawia, ambalo Storey mwenyewe ndiye aliyeliandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na ndilo la hila zaidi: shamba linaweza kuonekana zuri, majani yamejaa, na siku ya kuchimba unakata muhogo unakuta ndani madoa makavu ya kahawia, hauliki wala hauuziki.

Storey na mwenzake Nichols waliuchanganya muhogo na ule mpira wa Ceara, kwa kuwa ulikuwa na ukinzani ambao muhogo haukuwa nao. Chotara wa kwanza alikuwa mti mtupu, mizizi yake haina unga wa maana. Wakamrudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, wakitupa walioumwa na kubakiza wenye mizizi. Mbegu za uzao wao mmoja, ulioandikwa 5318/34, zikapelekwa Nigeria. Huko ukapatikana muhogo uliopewa namba 58308, na huo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, pale Ibadan wakautumia kama mzazi wa kuzalisha mihogo inayostahimili batobato, iliyosambaa nchi nyingi za Afrika. Mlima wa Muheza umo kwenye sahani za watu wa Nigeria, na hapa kwetu hakuna hata bati la sentimita 10 linalomwambia hivyo mtoto wa shule aliyebeba muhogo wa kuchoma mfukoni.

Kwa hiyo tunashauri liwepo shamba dogo la maonesho, mita 6 kwa 6, mashina 36 kwa nafasi ya mita 1 kwa 1. Pingili ziwe za sentimita 20 hadi 25 zenye macho 5 hadi 7, zitoke kwa wazalishaji wa mbegu safi waliokaguliwa, zisiokotwe kwa jirani. Zigi, chini ya mlima kwenye njia ya kupanda Amani, kunafaa kuliko Amani juu, kwa kuwa juu baridi na udongo wenye tindikali huchelewesha muhogo. Uzio ni lazima, na uwe wa chini hadi juu, maana nguruwe mwitu huingia kwa chini na kima kwa juu. Na hapa tunatoa onyo ambalo mpambaji wa bustani hatawapa: mpira wa Ceara hubeba virusi vya michirizi ya kahawia bila kuonekana mgonjwa sana, na inzi weupe ndio wachukuzi. Msipande safu nzima ya mti huo kando ya mashamba ya wanakijiji kwa kutafuta mandhari. Mti mmoja unatosha, uwe ndani ya bustani, mbali na muhogo wa mtu, na ukaguliwe.

Tukiacha muhogo, mti unaohitaji kibao cha aina nyingine, kibao cha tahadhari, ni Maesopsis eminii. Nao ni wa Tanzania, ila wa upande wa Kagera. Huku Usambara mti huu ni mgeni. Ulipandwa kwa sababu unakua haraka, na msitu ulipofunguliwa na uvunaji wa magogo ukapata mwanya wa jua. Ndege aina ya hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza mbegu na kuzidondosha kilomita za mbali. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2008 ulikagua mimea ya kigeni zaidi ya 200 iliyosalia katika bustani ya Amani na kukuta aina 16 zinasambaa kwa nguvu. Hilo nalo mgeni anastahili kulisikia kutoka kwa mwongozaji: bustani hii ilileta neema na ikaleta usumbufu, vyote viwili kwa mikono ile ile.

Kuuondoa Maesopsis kunahitaji subira. Kuna wanaofikiri dawa ni kuingiza misumeno na kuangusha yote mwaka mmoja. Mkifanya hivyo, jua litashuka chini ghafla, na kitakachoota kwanza ni vichaka vamizi vya Clidemia hirta na mvuti, mkawa mmebadilisha adui. Miti mikubwa iliyo mbali na njia ivuliwe gome: mkanda wa sentimita 30 kuzunguka shina lote, ukwanguliwe hadi mti mweupe uonekane pasibaki uzi wa kijani hata mmoja, kwa sababu uzi huo unaunganisha juu na chini na mti unapona. Unakufa ukiwa umesimama, majani yanapungua polepole, kivuli kinaondoka kidogo kidogo. Lakini mti mfu huanguka siku usiyoitaka, hivyo wowote uliosimama karibu na njia ya wageni kwa umbali usiozidi urefu wake usivuliwe gome. Huo ukatwe kwa msumeno na fundi mwenye kamba. Miche inayofika magotini ing'olewe kwa mkono wakati wa masika, udongo ukiwa laini, itoke na mzizi.

Kilichoondolewa kipandiwe mbadala siku hizo hizo: mtambaa, mvule, msambu. Kwa msambu anzeni kitalu mapema mno. Mbegu zake hulala, nyingine huchukua zaidi ya mwaka kuchipua, na wahudumu wa kitalu wasiojua hilo humwaga udongo wa viriba wakidhani zimeoza. Mti huo kitaalamu ni Allanblackia stuhlmannii, umebeba jina la yule yule Stuhlmann, ingawa wenyeji walikuwa wakikamua mafuta ya mbegu zake bila kumsubiri.

Kuhusu ua la Saintpaulia tutasema machache. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alituma mimea yake Ulaya mwaka 1892, mwaka uliofuata ikapewa jina lake, na leo ua hili limekaa madirishani mwa watu duniani kote. Wanasayansi siku hizi wameliingiza kwenye kundi la Streptocarpus. Kibao kiandike majina yote mawili. Tatizo lake ni kung'olewa. Linaota kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, na kila mgeni akichukua shina moja mwamba unabaki mtupu. Kulikomesha kwa faini pekee hakutoshi wakati kulizalisha ni rahisi hivi: jani zima lenye kikonyo cha sentimita 3 au 4, likatwe kwa wembe, lichomekwe kwa mshazari kwenye mchanga safi uliochanganywa na mboji, chini ya kivuli, unyevu bila maji kutuama. Mizizi hutoka ndani ya mwezi mmoja hivi na vichipukizi hufuata. Maji yamwagwe kwenye udongo, yasimwagwe juani juu ya majani yenye manyoya, yataacha madoa. Vikundi vya akina mama wa vijiji vya jirani wapewe eneo la kuuzia miche hiyo. Kwa mgeni anayevuka mpaka, aelezwe mapema kwamba anahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, asije akanyang'anywa uwanja wa ndege akatuona matapeli.

Sasa makumbusho. Nyumba ya stesheni ya zamani pale Zigi, ilipoishia reli ndogo iliyotoka Tengeni kuja kuchukua magogo, ndiyo kituo cha taarifa, na hakuna mahali bora zaidi pa kuanzia. Ila panahitaji kueleza mengi kuliko mimea na ndege. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza 1896. Mashamba ya kahawa ya Derema na Bulwa yalifunguliwa kwa matumaini makubwa, na kahawa ikashindwa, kwa sababu msitu mnene uliwahadaa wakadhani chini yake kuna udongo tajiri, kumbe rutuba yote iko kwenye majani yanayooza juu. Chai ndiyo iliyokuja kukubali baadaye. Na nani aliyelima? Vibarua walitoka mpaka Unyamwezi, na kwa Wasambaa, upande wa Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, tangu 1907 kulikuwa na kadi iliyomlazimu mwanamume kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Makumbusho inayomtaja Zimmermann na kuacha kadi hiyo nje imesimulia nusu. Wala hatusemi maonesho yawe ya kulalamika. Mfano wa kadi, ramani ya mashamba na mistari sita ya Kiswahili kilichonyooka inatosha.

Makaratasi ya zamani yaliyobaki, yawe ya Kijerumani au ya Kiingereza, yana maadui watatu: unyevu, wadudu na msaada wa haraka. Huu wa tatu ndio unaotutisha. Kuna tabia ya kupuliza dawa ya mende kwenye makabati; dawa ya mafuta huacha doa lisilotoka na wino husambaa. Faili lenye wadudu lifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni, hewa itolewe, liwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Likitoka, mfuko usifunguliwe mpaka lipate joto la chumba, vinginevyo mvuke utatua juu ya karatasi na mtakuwa mmeloanisha mlichokuwa mkikiokoa. Makabati yanyanyuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni na yaache upenyo wa sentimita 10 kutoka ukutani. Nunueni kipimo cha unyevu hewani na kisomwe asubuhi na jioni. Kikizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo, kuvu wako njiani. Kiyoyozi kinachowashwa mgeni akija na kuzimwa akiondoka ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Na ukuta. Majengo ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa hupumua. Maji yanayopanda kutoka chini hutokea kwenye plasta na kukauka. Fundi akija akapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, ukuta unapendeza siku ya uzinduzi. Maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, rangi inavimba, chumvi nyeupe inatoka, na mbao zilizoingia ukutani zinaanza kuoza. Zibueni mifereji ya paa kwanza, chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, kisha plasta ya chokaa na mchanga, sehemu 1 kwa 3. Sehemu kubwa ya unyevu tunaousingizia hali ya hewa ya Amani ni mfereji wa bati uliotoboka.

Barabara tutaitaja kwa ufupi kwa kuwa mnaijua. Kilomita 7 hivi za mwisho, kutoka Zigi kupanda, ndizo zinazowarudisha watu. Kumwaga kifusi kila mwaka ni kukipeleka mtoni, kama mitaro ya pembeni haijazibuliwa na kalvati hazijasafishwa kabla ya masika ya Machi na tena kabla ya vuli. Bango liwekwe Muheza mjini, siyo Zigi, liseme waziwazi gari la chini lisipande mvua ikinyesha, viatu viwe vya soli yenye meno, koti la mvua libebwe hata kiangazi, na kiingilio kilipwe mapema. Mgeni akifika getini ndipo anatafutiwa kontroo namba ya kulipia huku mtandao umekata, saa nzuri ya ndege imekwisha kabla hajavuka kizuizi.

Mkitaka kujua gharama, tunawaomba mlinganishe wenyewe. Kazi ya vibao inahitaji mabati ya alumini, seti mbili za panchi, springi, misumari, tepu za kupimia na posho ya watu wanne. Geti moja la kisasa lingevilipia vibao vya bustani yote na chenji ikabaki ya mifereji ya paa. Tungeanza na njia kuu ya bustani, miti iliyo hatua kumi kila upande, tukamaliza hiyo kabla ya kugusa nyingine. Kugonga mti mmoja mmoja huku na huko ndiko kulikozaa daftari zenye matundu.

Tuna watu wanaozijua njia, wazee wanaojua majina ya Kisambaa, na fundi wa Muheza aliyekubali kutukatia bati. Kinachokosekana ni karatasi yenye saini zenu, kwa sababu kwa sheria ya hifadhi kumpigilia mti msumari bila kibali ni kosa, nasi hatungependa kukamatwa tukiwa na nyundo mkononi na jina la mkwinini mfukoni.

Wenu,
Waongoza wageni na watunza vitalu,
Muheza, Tanga